Ekzosi Inanguruma na Fundi Ametaja Bei: Mwongozo Kamili wa Kujua Kama Bei Hiyo Ni ya Haki

Swali linarudi kila mara: “Gari langu ni IST ya 2004, ekzosi inanguruma, fundi anasema laki nane na nusu. Ni sawa?” Hakuna awezaye kulijibu, hata fundi bingwa, kwa sababu halisemi kilichoharibika ni nini wala kimejulikanaje.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanabeba bei kutoka gereji moja hadi nyingine, wanachagua iliyo ndogo, na baada ya wiki mbili taa ya cheki injini inawaka tena. Kwanza ujue ugonjwa, kisha ujue umethibitishwaje, ndipo uiangalie bei. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo.

Nimechukulia magari ya petroli ya Kijapani yaliyotumika, yaani Vitz, IST, Corolla, Premio, Noah na ndugu zao, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu. Ya dizeli yana mambo yake.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tochi yenye mwanga mkali.
- Glovu nene za ngozi na kitambaa kizito cha pamba.
- Bisibisi bapa na nyundo ya mpira.
- Simu ya kupigia picha.
- Kifaa kidogo cha kusomea kodi za injini, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi, kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth. Kama huna, tafuta fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kupimia, na umlipe hela ya kupima tu.
- Namba ya chasisi na aina ya injini. Zimo kwenye kadi ya gari au kwenye kibati kilichopo chini ya boneti.
- Daftari.

Kuhusu kuingia chini ya gari: usiingie hata mara moja gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi za jeki kwenye sakafu ngumu na uzuie matairi kwa mawe. Kilicho rahisi zaidi ni kwenda kwenye gereji yenye shimo au sehemu ya kuoshea magari yenye ngazi, ukaomba dakika kumi.

## Hatua ya 1: Zijue sehemu, kwa sababu kila sehemu ina bei yake

“Ekzosi,” yaani mfumo mzima wa kutoa moshi, si kitu kimoja. Kutoka kwenye injini kwenda nyuma, kwa kawaida utakuta hivi: manifodi inayokusanya moshi wa injini, sensa ya kwanza inayopima oksijeni, masega (katalisti) yanayosafisha moshi, sensa ya pili, flekisi ambayo ni kile kipande cha nyavu kinachopinda, bomba la kati, mafla inayopunguza kelele, kisha mkia. Kwenye baadhi ya magari flekisi hukaa kabla ya masega. Bomba zima linaning’inia kwenye raba, na vipande vinaungana kwa flanji, yaani sahani za chuma zinazofungwa kwa bolti, zenye gasiketi ya kuzuia mvujo katikati.

Raba iliyokatika ni kazi ndogo sana. Masega ni kazi kubwa. Zote mbili zinaweza kulifanya gari lipige kelele chini, na mtu asiyejua tofauti anaweza kulipia ya pili wakati tatizo ni la kwanza.

Umefaulu ukiweza kusimama kando ya gari na kuonyesha kwa kidole masega yalipo na mafla ilipo.

## Hatua ya 2: Kama moshi unaingia ndani ya gari, mambo ya bei yasubiri

Moshi wa petroli una kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na inaua. Ukisikia harufu ya moshi ndani, au abiria wakilalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinavyoisha wakishuka, shusha vioo vyote na upeleke gari gereji siku hiyohiyo. Usimwache mtoto amelala ndani huku injini inaunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu yenye kutu inapitisha sumu hiyo bila dalili ya kuonekana.

Katika hali hiyo mpe fundi ruhusa ya kuziba panapovuja kwanza. Mengine mtayazungumza baadaye.

## Hatua ya 3: Kagua mwenyewe, injini ikiwa baridi

Anza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Bomba likipoa ndipo mvujo wa kwenye maungio unaposikika vizuri. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa mdogo.

Sikiliza. Washa gari. Mlio wa tik-tik-tik upande wa injini unaopungua injini ikipata moto mara nyingi ni manifodi iliyopasuka au gasiketi yake. Ngurumo nzito ya nyuma ni mafla au bomba lililotoboka. Mlio wa kokoto ndani ya kopo ni masega yaliyovunjika ndani, au kava la bati la kuzuia joto lililolegea. Usikubali kununua masega kabla ya kulishika kava hilo, injini ikiwa imepoa, na kuona kama linatikisika.

Ziba mkia. Vaa glovu, kunja kitambaa, uzibe mdomo wa bomba la nyuma kwa sekunde chache injini ikiwa saileni, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Kama mfumo ni mzima, utahisi hewa inasukuma kitambaa kwa nguvu na injini itaanza kulegea. Kama kuna tundu, utasikia “ssss” mahali fulani chini. Mtu wa pili ainamishe sikio kando ya gari akuambie sauti inatoka wapi. Fanya nje mahali pa wazi, na usizidishe muda.

Angalia. Zima gari, subiri bomba lipoe, ingia chini na tochi. Tafuta masizi meusi, makavu, yaliyotawanyika kama unga kuzunguka flanji au ungio la kuchomelea. Hiyo ndiyo alama ya mvujo. Kutu ya rangi ya chungwa juujuu ni kawaida kwa gari la umri huo, hasa lililokaa pwani. Kutu ya kuogopa ni ile inayobanduka kwa magamba. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi: chuma kikiwa kigumu, kinaweza kuchomelewa, kikizama au kikitoboka, hakina uhai wa kushika wedi, yaani mshono wa kuchomelea.

Vitu viwili huwatisha watu bure. Matone ya maji kwenye mkia asubuhi ni ya kawaida, kwani petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Na kitundu kidogo safi cha mviringo chini ya mafla mara nyingi kimewekwa na kiwanda ili maji yatoke. Usilipe hela kukiziba.

Tazama pia rangi ya moshi. Bluu maana yake injini inakula oili. Mweusi ni petroli kupita kiasi. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye injini. Hizo si kazi za fundi ekzosi, na kubadilisha bomba hakutaziponya.

Umefaulu ukiwa na sentensi moja kama hii kwenye daftari: “Inavuja kwenye flanji ya mbele ya bomba la kati, nyuma ya masega, masizi yapo, chuma kigumu,” pamoja na picha.

## Hatua ya 4: Soma kodi kabla mtu hajazifuta

Kama taa ya cheki injini inawaka, soma kodi na upige picha ya kioo cha simu. Ukimwacha mtu afute kwanza, umepoteza ushahidi.

Kodi inayowagharimu watu kuliko zote ni P0420. Inasema kompyuta ya gari imeona masega hayasafishi moshi kama inavyotarajia. Haisemi “nunua masega.” Kompyuta haiyaoni masega yenyewe, inasoma sensa iliyo nyuma yake. Kwa hiyo yanayoweza kuileta ni mengi: tundu kwenye bomba karibu na sensa linalovuta hewa ya nje, sensa ya nyuma iliyochoka, injini inayomisi (silinda haiunguzi petroli ipasavyo), injini inayokula oili, na ndiyo, masega yaliyokufa kweli.

Angalia kama P0420 imekuja na wenzake:

- P0300 hadi P0304: injini inamisi. Tibu hiyo kwanza. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega, inayapandisha joto hadi yanayeyuka. Ukiweka masega mapya kwenye injini inayomisi, umenunua kitu cha kuunguza.
- P0171: mchanganyiko una hewa nyingi. Ekzosi inayovuja mbele ya sensa ya kwanza inaweza kuidanganya kompyuta hivyo. Ziba mvujo, kisha upime upya.
- P0135 au P0141: hita ya sensa. Ya kwanza ni ya sensa ya mbele, ya pili ni ya sensa ya nyuma. Angalia waya, plagi na fyuzi kabla ya kununua sensa.

Kama kifaa chako kinaonyesha vipimo vya papo kwa papo, pasha gari moto barabarani, kisha shikilia mizunguko ya injini karibu 2,500 kwa dakika na uangalie volti ya sensa ya nyuma. Ikitulia karibu na 0.6 au 0.7, masega yana dalili ya uzima. Ikipanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9, na una hakika hakuna mvujo, shaka juu ya masega ni ya haki.

Kuziba kwa masega ni tatizo jingine. Gari linakosa nguvu, halipandi mlima, mizunguko haipandi hata ukikanyaga. Fundi makini hufungua sensa ya mbele, anafunga geji ya presha pale, na kupima. Kwenye mizunguko 2,500 presha ikizidi psi 3, kuna kitu kimeziba njia. Kipimo hiki hakihitaji muda mrefu. Anayetaka kukuuzia masega kwa sababu “yameziba” bila kukifanya, mwombe akifanye, na umlipe kwa hilo.

Umefaulu ukiwa na kodi zilizoandikwa, na unajua ipi itatibiwa kwanza.

## Hatua ya 5: Omba makadirio ya maandishi, kwa maneno yaleyale kila mahali

Nenda sehemu tatu za aina tofauti: gereji unayoizoea, fundi wa ekzosi anayekata na kuchomelea, na duka la spea ili ujue bei ya kifaa peke yake. Ukiwa Dar, Gerezani na Kariakoo utapata bei ya spea kabla hujafika kwa fundi yeyote, na Nairobi kuna Kirinyaga Road. Fundi ekzosi na fundi injini wataliona gari hilohilo kwa macho mawili, na hilo ni faida kwako.

Ujumbe wa kutuma unaweza kuwa huu:

“Habari za kazi, fundi. Gari ni IST, injini 2NZ, chasisi nitakutumia. Linavuja kwenye flanji ya mbele ya bomba la kati, picha hizi hapa. Taa imewaka, kodi ni P0420 peke yake. Naomba uniandikie: kifaa gani kinabadilishwa na kwa nini, ni kipya orijino, kipya cha kopi au used, bei yake, ufundi peke yake, gasiketi na bolti, na dhamana ni ya muda gani. Bolti zikikatika, inaongezeka kiasi gani?”

Swali la mwisho ni muhimu. Kwenye gari la miaka ishirini bolti za ekzosi zimeshikana na kutu, zinakatika, na kuzitoboa ni kazi halali inayostahili kulipwa. Fundi anayekwambia mapema ni mwaminifu kuliko anayekushtua gari likiwa limeshafunguliwa.

Ukiona mtu hataki kuandika, ni sababu tosha ya kwenda kwingine.

## Hatua ya 6: Soma makadirio mstari kwa mstari

Turudi kwenye laki nane na nusu. Tuseme mchanganuo wake ni huu. Tarakimu ni za mfano tu, kwa shilingi za Tanzania, za kwako zitatofautiana kwa gari na kwa mji:

- Masega: 450,000
- Sensa mbili: 240,000
- Kuchomelea bomba: 60,000
- Ufundi: 100,000

Masega 450,000. Ni ya aina gani? Kama ni used, yametoka kwenye gari la umri kama wa kwako, nani ameyapima? Kama ni ya kopi, fahamu kwamba kazi yote ya masega inafanywa na madini ya platinamu, paladi na rodi yaliyopakwa ndani, na kopi za bei rahisi huwekewa kidogo. Zinakaa muda mfupi na taa inarudi. Halafu swali la msingi: ushahidi uko wapi? Katika mfano wetu hakuna aliyepima presha wala kuangalia sensa ya nyuma.

Sensa mbili 240,000. Kwa nini mbili? Hakuna kodi inayolaumu sensa yoyote hapa. Tena kwenye Toyota nyingi sensa ya mbele na ya nyuma si kitu kimoja, hata kama zinafanana kwa macho na uzi wake unaingia. Kama mtu ananunua mbili za namba moja ili “zifanane,” msimamishe. Linganisha namba iliyochapwa kwenye sensa ya zamani na ya mpya.

Kuchomelea 60,000. Mstari huu mdogo ndio wenye thamani kuliko yote. Mvujo umeonekana, umepigwa picha, na upo mahali ambapo unaweza kuwa ndio unaoidanganya sensa.

Ufundi 100,000. Muulize ni wa kazi ipi. Kuchomelea tayari kuna ufundi ndani yake, na ukikataa masega na sensa, kiasi hiki lazima kishuke. Angalia pia kisichoandikwa: gasiketi ya flanji haipo kwenye orodha. Ama ataongeza baadaye, ama atarudishia ya zamani, nayo itavuja.

Kwa hiyo jibu si “ghali” au “rahisi.” Jibu ni: fanya mstari wa tatu kwanza, pamoja na gasiketi mpya, futa kodi, endesha wiki moja au mbili, kisha upime tena. P0420 ikirudi na mvujo haupo, hapo masega yana kesi ya kujibu, nawe umetumia sehemu ndogo tu ya hela. Injini isipomisi, mvujo ndio huanza siku zote, sensa zifuate, masega yawe ya mwisho. Fundi anayeanza kwa masega anaruka ngazi kwa gharama yako.

## Hatua ya 7: Ogopa pia bei iliyo ndogo mno

Kuna ofa inayoumiza watu kimyakimya: “Nitakutoa masega, nikuwekee bomba, nitakutengenezea bure.” Si bure. Madini yale yana soko, na masega ya orijino ya gari lako, hata yaliyochoka, yanaweza kuzidi thamani ya kazi yote unayofanyiwa. Mwenye kukupa ofa hiyo analijua hilo.

Ukikubali, moshi wa gari lako utakuwa mchafu zaidi kwako, kwa familia yako na kwa walio nyuma yako kwenye foleni. Taa ya cheki injini itabaki inawaka, na siku injini ikipata tatizo la kweli hutajua. Ahadi ya “gari litakuwa jepesi” ina ukweli pale tu masega yalipokuwa yameziba. Mazima hayakunyimi nguvu ya kuhisika kwenye gari la matembezi.

Rahisi nyingine za kukataa:

- Kuziba kwa gundi ya ekzosi na bati. Inafaa kukufikisha nyumbani kutoka Chalinze. Si matengenezo.
- Kuchomelea juu ya flekisi. Ile imeundwa ili ipinde injini inapotikisika. Ukiikakamaza, ufa utahamia kwenye manifodi. Ikatwe, iwekwe nyingine ya kipenyo na urefu uleule.
- Kuchomelea manifodi ya chuma cha kumimina kama bomba la kawaida. Chuma hicho kinahitaji kupashwa moto kwanza na vijiti vyenye nikeli, kisha kipoe polepole. Bila hivyo kitapasuka tena pembeni ya wedi. Manifodi used iliyo nzima mara nyingi ni chaguo bora.

## Hatua ya 8: Kabla ya kuacha gari na wakati wa kulichukua

Kabla: piga picha ya masega yako kutoka pande mbili, na uandike namba ya gari juu ya ganda lake kwa rangi inayostahimili joto au kwa kukwaruza. Masega hubadilishwa gereji bila mwenyewe kujua, na bila alama huna la kusema. Kubaliana kwamba vifaa vya zamani vyote unarudishiwa, na kwamba waya wa hasi wa betri utafunguliwa wakati wa kuchomelea ili kompyuta isiungue.

Ukifika kuchukua, usilipe kwanza. Fanya haya kwa mpangilio:

1. Ingia chini, tafuta alama yako, linganisha na picha.
2. Rudia kipimo cha kitambaa kwenye mkia. Kusiwe na “ssss.”
3. Bomba likiwa limepoa, lisukume kwa mkono. Licheze kidogo kwenye raba bila kugonga bodi wala waya wa breki ya mkono.
4. Gonga masega polepole kwa nyundo ya mpira. Pasiwe na mlio wa vipande.
5. Endesha na fundi akiwa ndani, pita kwenye matuta, vioo vikiwa vimefungwa. Usisikie mgongano wala harufu.
6. Soma kodi tena.

Juu ya namba sita, angalizo. Taa kuzimika siku ya kulichukua gari hakuthibitishi kitu, kwa sababu kodi zikifutwa kompyuta inaanza kujipima upya. Kifaa chako kitaonyesha kuwa kipimo cha katalisti, yaani masega, bado hakijakamilika. Subiri kikamilike baada ya safari kadhaa za mjini na za mwendo wa barabara kuu. Kikikamilika bila kodi, ndipo useme kazi imeshika.

Ikirudi ndani ya muda wa dhamana, nenda na karatasi ya makadirio, picha za mwanzo na kodi mpya, asubuhi gari likiwa baridi, na umwombe fundi mzibe mkia pamoja kabla hajagusa spana.